Pierre Louis: Daktari Aliyehesabu Wagonjwa

Mwaka huu mhariri alituomba tuandike juu ya maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu wengi wamechagua wafalme na wapigania uhuru. Mimi nimemchagua daktari ambaye pengine hamjawahi kulisikia jina lake, ingawa waliosomea udaktari wanalijua. Anaitwa Pierre Charles Alexandre Louis, Mfaransa. Hakugundua dawa hata moja. Kazi iliyompa jina ni kuhesabu tu. Msicheke, subirini niwaeleze.

Kwanza niseme kilichonifanya nimtafute. Mwaka jana wakati wa masika babu yangu alishikwa na kichomi, yaani nimonia. Alikuwa akikohoa makohozi ya rangi ya kutu, ubavu unamchoma kila akivuta pumzi, na usiku anasema maneno yasiyoeleweka. Mjomba akamwita mzee mmoja anayepiga chuku. Mzee akaja na pembe yake na wembe, akamchanja babu mgongoni, akamwumika, damu ikatoka. Kesho yake babu alikuwa vile vile. Siku ya tatu mama akasema liwalo na liwe, akaita tuktuk, tukampeleka hospitali. Alilazwa siku tisa, akawekewa oksijeni na kudungwa sindano za antibiotiki. Tunamshukuru Mungu alipona, na mpaka leo nikitoka shule swali lake la kwanza ni kama mbuzi wamefungwa.

Basi kupona kwake ndiko kulikozua maneno. Mzee wa chuku alidai kwamba ile damu mbaya aliyoitoa ndiyo iliyomwokoa babu, hospitali walimalizia tu. Mama akashikilia kuwa ni sindano. Nyanya akasema ni dua zake. Mimi nikakaa katikati yao kama refa asiye na kipenga. Mgonjwa mmoja amepewa vitu vitatu, naye amepona. Sifa ni za nani? Tutajuaje? Nilipompelekea mwalimu wetu wa Bayolojia swali hilo alicheka, akaniambia kuna daktari aliyeumia kichwa kwa swali hilo hilo zamani, tena juu ya ugonjwa huo huo na damu hiyo hiyo. Ndiyo sababu ya makala haya.

Louis alizaliwa tarehe 14 Aprili 1787 katika mji mdogo wa Aÿ, jimbo la Champagne, Ufaransa, ambako watu hulima zabibu za kutengenezea mvinyo. Alikuwa na umri wa miaka miwili tu Mapinduzi ya Ufaransa yalipozuka mwaka 1789, kwa hiyo alikulia katika nchi iliyokuwa ikichafuka. Alianza kusomea sheria, kisha akaiacha na kugeukia udaktari. Alihitimu mjini Paris mwaka 1813.

Baada ya kuhitimu alisafiri hadi Urusi pamoja na bwana mmoja wa ukoo wa kifahari. Alizunguka huko, mwishowe akatulia kwa miaka kama minne mjini Odessa, bandari iliyo kwenye Bahari Nyeusi, ambayo siku hizo ilikuwa chini ya dola ya Urusi. Kazi ikamwendea vizuri, akapata wagonjwa wengi na heshima. Mtu mwingine angeridhika, akajenga nyumba na kuzeekea huko.

Lakini mwaka 1820 dondakoo ikaingia Odessa. Dondakoo huziba koo, na wanaoumia zaidi ni watoto. Louis alijaribu kila alilofundishwa, na watoto wakaendelea kufa mikononi mwake. Hebu fikiria daktari mwenye cheti na sifa, amesimama mbele ya mama anayelia, na ndani ya moyo wake anajua kwamba hajui kitu. Wengine wangesema ni amri ya Mungu wakaendelea kutoza ada. Louis alifunga virago akarudi Paris kuanza kujifunza upya. Alikuwa na umri wa miaka 33, wakati ambapo wenzake waliosoma naye walikuwa tayari wakubwa.

Huko Paris rafiki yake Chomel, aliyekuwa daktari katika hospitali ya La Charité, alimfungulia mlango wa wodi zake. Louis akaingia humo, na kwa muda wa karibu miaka saba hakutoka. Hakulipwa mshahara, wala hakutibu wagonjwa wa nje wa kumpa pesa. Kila siku alikwenda kitanda kwa kitanda na daftari lake. Alimwuliza mgonjwa umri wake, kazi yake, alikuwa na afya gani zamani, na ugonjwa ulianza siku gani hasa. Alimgonga kifua na kumsikiliza kwa stethoskopu, chombo ambacho Laennec alikuwa amekibuni Paris mwaka 1816. Aliandika mgonjwa ametolewa damu siku ya ngapi ya ugonjwa, na mara ngapi. Mgonjwa akifariki, Louis aliupasua mwili ili aone ugonjwa ulikuwa umekaa wapi. Kwa njia hiyo alikusanya habari za wagonjwa karibu 2,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Kutokana na madaftari hayo alitoa kitabu juu ya kifua kikuu mwaka 1825, na kingine juu ya homa ya matumbo mwaka 1829. Lakini kilicholeta kelele ni kile cha damu.

Ili mwelewe kelele hizo, lazima mjue Ulaya ya wakati ule ilikuwaje. Sisi tunadhani chuku ni mambo ya vijijini kwetu. Kumbe madaktari wakubwa wa Paris, wenye makoti meusi na vyeo vya serikali, walikuwa wakitoa damu kuliko mzee wetu wa pembe! Waliamini kwamba homa na uvimbe wa ndani huletwa na damu kuzidi mahali fulani mwilini. Mtu akiwa na nimonia, walimfunga mkono, wakamtoboa mshipa kwa kijembe, na damu ikatiririka ndani ya bakuli. Kesho wakarudia. Aliyevuma zaidi aliitwa Broussais, daktari aliyewahi kuwa katika jeshi la Napoleon. Yeye alifundisha kwamba karibu kila ugonjwa chanzo chake ni uvimbe wa tumbo na matumbo, na dawa yake ni kumnyima mgonjwa chakula na kumbandika ruba wamnyonye. Ruba ni wale wadudu wa majini wanaofyonza damu. Wanafunzi walijaa kumsikiliza, kwa maana alikuwa msemaji hodari. Mahitaji ya ruba yakawa makubwa mpaka mwaka 1833 peke yake Ufaransa iliagiza kutoka nje ruba zaidi ya milioni 40.

Na ushahidi wao ulikuwa nini? Ulikuwa kama ule wa mzee wetu. Nilimtoa damu fulani, akapona. Na yule aliyekufa je? Ah, huyo aliletwa akiwa amechelewa. Kwa hesabu ya namna hiyo dawa haishindwi hata siku moja. Akipona ni dawa, akifa ni shauri yake.

Louis hakuanza kwa kuwapinga, maana yeye pia alikuwa amefundishwa hivyo hivyo. Alitaka tu kujua damu inasaidia kiasi gani. Basi akarudi kwenye madaftari yake, akawatoa wagonjwa 77 wa nimonia ambao kabla ya kuugua walikuwa wazima. Wote walikuwa wametolewa damu, kwa sababu siku hizo hakuna daktari ambaye angethubutu kumwacha mgonjwa wa nimonia bila kumtoa damu. Ugumu wa kazi ulikuwa hapo, maana angewalinganisha na nani? Ndipo akatumia akili. Aliwagawa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la wale waliotolewa damu mapema, kati ya siku ya kwanza na ya nne ya ugonjwa. Hao walikuwa 41. Fungu la pili lilikuwa la waliochelewa, wakatolewa damu kati ya siku ya tano na ya tisa. Hao walikuwa 36. Kama damu ni dawa kweli kama inavyosifiwa, basi wanaotolewa mapema wapone zaidi kuliko waliochelewa, sivyo?

Matokeo yake ni haya. Kwa upande wa waliopona, wale wa mapema waliugua kwa wastani wa karibu siku 18, na wale wa baadaye karibu siku 21. Hapo damu ilionekana kusaidia kidogo. Lakini alipowahesabu waliokufa, mambo yakageuka. Katika wale 41 wa mapema walikufa 18, yaani asilimia 44. Katika wale 36 waliochelewa walikufa 9, yaani asilimia 25. Waliowahi dawa ndio waliokufa zaidi!

Louis alishtuka. Alifikiri labda wale wa mapema walikuwa wazee zaidi, akapiga hesabu ya umri, akaona tofauti ni ndogo, haitoshi kueleza vifo vyote vile. Alisita kuyatangaza matokeo kwa kuwa yalikwenda kinyume na yale ambayo kila mtu aliamini. Hata hivyo ukweli haufichiki, na mwaka 1828 aliyatoa katika jarida la udaktari. Kisha akaenda kuangalia wagonjwa wengine katika hospitali ya Pitié, na mwaka 1835 akatoa kitabu kizima. Mwaka uliofuata kilichapishwa kwa Kiingereza mjini Boston, Marekani.

Mgala muue na haki umpe, na mimi sitaki kumsifu Louis kupita kiasi. Hakusema damu iachwe kabisa. Alichosema ni kwamba nguvu yake ni ndogo sana kuliko watu wanavyodhani, na bado aliruhusu itumike katika hali nyingine. Tena hesabu yake ilikuwa na kasoro. Wagonjwa 77 ni wachache. Pia hakuwagawa yeye, walijigawa wenyewe kwa siku waliyofika, na pengine waliofika mapema ndio waliozidiwa zaidi. Nilipomwonyesha mwalimu wa Hisabati takwimu hizo, alinionya kwamba kwa watu wachache namna hiyo bahati nayo inaweza kuleta tofauti kubwa. Hata hivyo ni afadhali hesabu yenye kasoro ambayo mwingine anaweza kuikagua kuliko sifa tupu ambazo hazikaguliki.

Madaktari wengi hawakufurahi. Mwaka 1837 Chuo cha Taaluma ya Udaktari mjini Paris kilifanya mjadala mkali juu ya njia hii ya kuhesabu. Wapinzani walisema kila mgonjwa ni tofauti na mwenzake, na daktari humtibu mtu, hatibu wastani. Hoja hiyo si ya kijinga, hata mimi ilinisumbua. Lakini jibu la Louis lilikuwa kwamba hata wao wanahesabu, ila wanahesabu kwa kukisia. Wanaposema dawa fulani huponya mara nyingi au hushindwa mara chache, hiyo mara nyingi ni ngapi? Kwa huyu ni tano katika kumi, kwa yule ni tisa. Yeye alitaka maneno kama hayo yaondolewe na mahali pake zikae tarakimu.

Wanachama wenzangu, hapa ndipo nilipoifurahia lugha yetu. Sote tunajua kwamba kupiga chuku ni kutoa damu kwa pembe. Lakini pia tunajua kwamba mtu anayetia maneno chumvi, anayefanya kichuguu kuwa mlima, tunasema anapiga chuku. Broussais na wenzake walipiga chuku kwa maana zote mbili! Na Louis alizipinga zote mbili kwa kalamu na daftari.

Wazee wakimnunia, vijana walimfuata. Walitoka Marekani na Uingereza kwa meli na magari ya farasi, wakaja Paris kuzunguka naye wodini. Mmoja wao alikuwa Oliver Wendell Holmes, ambaye baadaye alikuwa daktari na mshairi mashuhuri wa Marekani. Mwingine alikuwa William Farr, Mwingereza aliyekwenda kuhesabu vifo vya nchi yake nzima na sababu zake. Mwaka 1832 ilianzishwa jumuiya ya madaktari waliotaka kuangalia na kuandika kwa uangalifu, naye Louis akawa rais wake. Hakuwa msemaji mtamu kama Broussais. Nguvu yake ilikuwa katika uvumilivu.

Maisha hayakumwonea huruma. Ugonjwa ambao aliusoma kwa miaka mingi, akauandikia kitabu, yaani kifua kikuu, ndio uliomuua mwanawe wa kiume mwaka 1854. Louis aliyajua yale mapafu kuliko karibu daktari yeyote wa wakati wake, na hakuweza kufanya lolote, kwa sababu tiba ya kweli ilikuwa bado haijapatikana. Nadhani alirudi moyoni mpaka Odessa, kwa wale watoto wa dondakoo. Aliacha kazi, akaishi kimya. Alifariki tarehe 22 Agosti 1872 akiwa na umri wa miaka 85.

Je, kazi yake ilikufa naye? La hasha. Mwaka 1849, yeye angali hai, daktari Joseph Dietl wa Vienna alithubutu kufanya lile ambalo Paris haikuthubutu. Alilinganisha wagonjwa wa nimonia waliotolewa damu na wengine ambao hawakutolewa hata tone, walilishwa tu na kutunzwa. Katika kila 100 waliotolewa damu walikufa kama 20. Katika kila 100 walioachwa na damu yao walikufa kama 7. Polepole vijembe vikawekwa chini.

Na nimonia kali bado ipo, hata sasa ambapo tuna antibiotiki. Wapo wanaofika hospitalini wakatibiwa vizuri na bado wakafariki. Kwa hiyo dawa mpya zinaendelea kupimwa, na zinapimwa kwa kuhesabu. Wagonjwa hugawanywa kwa kura, asichague daktari wala mgonjwa, ili mafungu yafanane. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa huko huko Ufaransa kwa wagonjwa mahututi wa nimonia karibu 800. Wote walipata matibabu ya kawaida, lakini nusu yao waliongezewa dawa ya haidrokotisoni, na nusu wakapewa kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa. Kufikia siku ya 28, waliopewa dawa walikufa 25 kati ya 400. Wale wengine walikufa 47 kati ya 395. Na mwaka 2025 yakatoka matokeo ya hapa kwetu Kenya, ambapo wagonjwa wazima zaidi ya 2,000 waliolazwa na nimonia katika hospitali zetu walipimiwa dawa za jamii hiyo hiyo kwa kiasi kidogo. Waliozipata walikufa wachache kuliko wasiozipata. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilipatikana katika wodi zetu wenyewe, kwa wagonjwa kama babu yangu.

Sasa nirudi nyumbani. Nimejifunza kwamba kwa babu peke yake hatuwezi kujua. Hata mama hawezi kuthibitisha kwa mgonjwa mmoja kwamba ni sindano. Tofauti ni kwamba sindano zile zimehesabiwa kwa maelfu ya watu kabla ya kumfikia babu, na pembe ya mzee haikuhesabiwa. Mama alikuwa na sababu ya kuchagua, sisi wengine tulikuwa na mazoea tu. Mzee wa chuku simchukii. Kama maprofesa wa Paris walidanganywa na macho yao wenyewe, sembuse yeye? Ila zile siku mbili tulizopoteza bado zinanikera, kwa maana nilikuwepo na sikusema neno.

Jioni moja nilimsimulia babu habari za Louis, nikamtajia wale 41 na wale 18 waliokufa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama wale 18 walikuwa na watoto. Nikamwambia daftari halikusema, au kama lilisema mimi sikusoma. Akasema basi nao wamemtibu yeye. Sikuwa na la kuongeza.

Wanafunzi wenzangu, sisi wa kutwa tunapita sokoni na kwenye stendi kila siku, na kila siku tunasikia mtu ananadi dawa ya magonjwa arobaini, eti imewaponya wengi. Msimtukane. Mwulizeni tu kwa adabu ni wengi wangapi, kati ya wangapi, na waliokufa ni wangapi.